Mkono Usioachia: Mafunzo Manane ya Misuli Iliyokataa Kupumzika

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Ngamiani, Tanga. Mwaka 2016 misuli yangu ilianza kukaza, na hadi leo haijaacha. Hupungua, lakini haiishi. Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa Isaacs. Ni adimu kiasi kwamba madaktari wengi niliokutana nao walikuwa wameusoma kitabuni tu, na wengine ndio kwanza walilisikia jina hilo kutoka kwangu. Haya ninayoyaandika sikuambiwa na mgonjwa aliyenitangulia, maana sikumpata. Nayaandika kwa ajili ya yule ambaye leo mkono wake umegoma kufunguka na anadhani dunia nzima yuko peke yake.

1. Kushika si kazi, kazi ni kuachia

Siku ninayoihesabu kuwa ya kwanza ilikuwa ndani ya Ramadhani, msimu ambao fundi cherehani halali. Nilikuwa nakata kwapa la gauni la Idi. Nilipomaliza nikataka kuuweka mkasi mezani, vidole havikufunguka. Sikusikia maumivu yoyote. Nilikitazama kidole gumba kimo ndani ya tundu la mkasi, kimejikunja, kucha imekuwa nyeupe kwa kubana, na mimi nakiambia kiachie. Kilikaa. Nikavuta pumzi kadhaa, ndipo vikaanza kufunguka kimoja kimoja, kikianza kile kidogo cha mwisho. Msaidizi wangu alidhani nimezama kwenye mawazo. Akaniuliza, "Fundi, umekosea kipimo?"

Baadaye ikawa kila nilichokishika kinanishika na mimi. Kitasa cha mlango. Mpini wa ndoo. Bomba la kushikia kwenye daladala, konda anapiga kelele "Mama, shuka basi!" na watu nyuma yangu wanasukumana, nami mkono umebaki juu. Watu wanauelewa mwili uliokosa nguvu. Mwili wenye nguvu zake zote, unaofunga vizuri na kukataa kufungua, hawauelewi, na mimi mwenyewe sikuuelewa. Nilijaribu kuukaza zaidi ili "uzoee", nikaona ndivyo unavyozidi kugoma.

Mahali pekee ambapo jambo hili halikumshangaza mtu ni msibani. Nilipompa mkono mfiwa na kuchelewa kuuachia, naye alizidi kuushika wa kwangu. Mara mbili nililia kweli, si kwa ajili ya marehemu tu.

2. Jicho likicheza lina tafsiri, mguu mzima ukicheza hauna

Kwetu pwani jicho likicheza watu husema utapata mgeni, au utalia, kutegemea ni la kulia au la kushoto. Mimi kilichocheza kilikuwa shavu la mguu. Halikurukaruka mara mbili tatu likaacha, la. Chini ya ngozi kulikuwa na mwendo usiokoma, vijimisuli vinajikunja na kutambaa huku na huko kama minyoo ndani ya mfuko. Nikikaa, vinacheza. Nikisimama, vinacheza. Mapaja yakafuata, kisha mikono, kisha kope na mashavu.

Mama mkwe wangu alipoona aliniwekea kiganja mguuni, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema hiki si cha hospitali. Nikapelekwa kwa mwalimu, nikaandikiwa kombe, nikalinywa siku saba. Kuna wasomaji watakaotaka nimlaumu mama. Simlaumu. Alikuwa ameona kitu chenye uhai kikitembea chini ya ngozi ya mke wa mwanawe, na katika miaka yake sabini na ushei hakuna mtu aliyewahi kumpa maelezo mengine. Isitoshe, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini kwamba sijifanyi. Nilichojifunza kwake ni kwamba anayekuamini kwa sababu isiyo sahihi bado ni bora kwa mgonjwa kuliko asiyekuamini kabisa. Siku nilipomletea maelezo ya daktari, aliyasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko ndugu zangu wote.

3. Usimwambie daktari unavyohisi tu, mwonyeshe

Kati ya mwaka 2016 na 2019 nilipita vituo vitano vya afya, na sitavitaja. Nilikuwa nasema maneno ambayo kila mgonjwa husema: mwili unauma, misuli inabana, nachoka. Kwa maneno hayo nilistahili nilichopewa: vidonge vya maumivu, vitamini, madini ya chokaa. Mmoja aliniuliza kama nimechomwa na msumari, akihofia pepopunda. Swali lilikuwa zuri, maana pepopunda nayo hukakamaza mwili, ila hiyo huja kwa siku chache na huanza kwa kufunga taya. Wangu ulikuwa na miaka miwili tayari. Mwingine aliniambia, "Una mawazo mengi, mama. Pumzika." Neno hilo liliniumiza kuliko sindano, kwa sababu kupumzika ndiko kulikokuwa kumenishinda.

Aliyefungua njia alikuwa daktari kijana ambaye hakunitibu kitu. Aliniambia: "Mimi sijui hiki ni nini. Lakini ukienda kwa anayejua, usimsimulie. Mwonyeshe." Akanielekeza nirekodi kwa simu: mkono uliokunja ngumi unavyojifungua, na shavu la mguu nikiwa nimelala tuli. Akaniambia pia nihesabu.

Fundi hakosi daftari la vipimo. La kwangu lina majina ya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina langu juu kama mteja mwingine yeyote, na chini yake nikaanza kuandika sekunde. Asubuhi: 14. Baada ya kukata vitambaa: 22. Jioni: 17. Nilijaza kurasa tatu kabla sijapata basi la Dar es Salaam. Kama kuna jambo moja katika makala hii nataka lichukuliwe, ni daftari hili. Kwenye ugonjwa ambao hakuna jirani anayeujua, mgonjwa ndiye shahidi, na shahidi mwenye tarehe na hesabu husikilizwa.

4. Jina la ugonjwa lina thamani yake

Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 350. Wenzangu wa mchezo wa upatu walinipa zamu isiyokuwa yangu ili nipate nauli na pesa za vipimo. Wanawake kumi na wawili, na hata mmoja hakuuliza nitarudisha lini. Basi lilipotua Segera watu wateremke wanyooshe miguu, mimi nilishindwa kuinuka. Baada ya kukaa muda mrefu magoti yanakuwa kama yamepigwa gundi. Abiria wa kando, mama mtu mzima, alinikandakanda mapaja bila kuniuliza jina, mpaka nikasimama.

Hospitalini Dar es Salaam, kwenye kipimo cha umeme wa misuli, nilichomwa sindano nyembamba kwenye mkono, sindano iliyounganishwa na mashine yenye kioo na spika. Daktari akaniambia, "Legeza." Nikamjibu, "Umelegea, daktari." Spika ikasema vingine: milio mikali mifupi iliyoanza juu na kushuka, inakata, inaanza tena, kama pikipiki zinazopita mbali usiku moja baada ya nyingine. Misuli iliyopumzika inapaswa kuwa kimya. Daktari aliacha sindano pale pale, akaniangalia na kusema, "Ulikuwa unasema kweli." Nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka mitatu.

Alipojua mimi ni fundi alinieleza kwa cherehani ya umeme. Ukikanyaga pedeli, mashine inashona. Ukiondoa mguu, inasimama. Kwenye mwili wangu mguu umeondoka lakini mashine inaendelea kushona. Neva ikishatoa amri kwa msuli, inatakiwa itulie, na moja ya vitu vinavyoituliza ni vilango vidogo vya potasiamu kwenye ncha zake. Kwa wagonjwa wengi kama mimi, kinga ya mwili imekosea adui: inatengeneza kingamwili zinazoshambulia protini zinazoshikamana na vilango hivyo. Neva inabaki na moto, inafyatua amri ambazo ubongo haukuzituma.

Jina limetokana na Hyam Isaacs, daktari wa Johannesburg, Afrika Kusini, ambaye mwaka 1961 aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa na misuli isiyotulia. Watu wangeweza kudhani kwamba amri hizo zinatoka kwenye ubongo au uti wa mgongo. Yeye aliizuia neva njiani kwa dawa ya ganzi, misuli ikaendelea kucheza. Alipotumia kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini inayokata mawasiliano pale neva inapogusana na msuli, ikanyamaza. Basi fujo ilikuwa kwenye neva zenyewe, huku mwishoni, mbali na kichwa. Nilipenda sana kujua kwamba hili liligunduliwa Afrika. Na nilipenda zaidi kujua kwamba halikuwa kichwani.

Jambo la kinga ya mwili lilikuja baadaye: mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba damu ya mgonjwa ikichujwa kuondolewa kingamwili, dalili zake zinapungua. Wagonjwa wengine huwa pia na uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo maana nilipigwa picha ya CT ya kifua. Kwangu haukuwepo. Nilishukuru nikiwa nimesimama pale pale koridoni.

5. Dawa ya kifafa si kwa wenye kifafa peke yao

Hapa ndipo nina maneno mengi, mniwie radhi.

Nilipoambiwa nina ugonjwa adimu nilidhani dawa yake itatoka Ulaya kwa ndege na kwa bei ya nyumba. Daktari akaniandikia kabamazepini. Nikaenda duka la dawa, mwenye duka akageuka nyuma, akachukua boksi kwenye rafu ya kawaida, akaniuliza, "Nani ana kifafa?" Dawa mbili zinazotumika zaidi kwa misuli yangu, kabamazepini na fenitoini, ni dawa za kifafa za miaka mingi. Kazi yake ni kupoza neva zenye moto, ziwe za kwenye ubongo au za kwenye mguu. Isaacs mwenyewe aliona fenitoini ikiwasaidia wagonjwa wake. Kwa hiyo ugonjwa ambao hata jina lake halijulikani Tanga una dawa iliyokuwa imekaa hapo dukani siku zote zile nilizokuwa nikinywa vitamini. Sijui kama mtu anaweza kuelewa nilivyolia siku hiyo.

Ndani ya wiki mbili mkono ulikuwa unafunguka kwa sekunde nane. Kwenye daftari ukurasa huo nimeukunja pembe.

Lakini dawa ina masharti. Nilianza na kipimo kidogo, nikapandishwa polepole, kwa sababu ukianza na kikubwa kichwa kinazunguka na usingizi unakushika kwenye cherehani, na sindano ya cherehani haina huruma. Niliambiwa nikiona vipele au malengelenge mwilini au mdomoni katika wiki za mwanzo, niende hospitali siku hiyo hiyo, nisisubiri kesho. Napimwa damu mara kwa mara, maana dawa hii huweza kushusha chumvi mwilini na kusumbua chembe za damu. Na siiachi ghafla.

Sharti ambalo hakuna aliyeniambia nililijua kwa kuugua. Mwaka 2021 nilipata malaria, nikapewa dawa mseto kwenye zahanati, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Homa ikaondoka, na wiki ya tatu ikarudi, kali kuliko mwanzo. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi sikusema, kwa sababu niliona haya: nikitaja kabamazepini wataandika kifafa. Nilipompigia daktari wangu alinieleza kwamba kabamazepini huliamsha ini livunjevunje dawa nyingine upesi, na dawa mseto ni mojawapo. Inaweza kuisha nguvu kabla haijamaliza vimelea. Fenitoini nayo ni hivyo hivyo. Hawezi mtu kuapa kwamba homa yangu ilirudi kwa sababu hiyo, lakini tangu siku ile nina karatasi ndani ya kipochi, imeandikwa kwa herufi kubwa jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake. Naitoa kabla sijakaa kwenye kiti. Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, nanyi ulizeni. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vingi kati ya vidonge hivyo.

Na kuhusu ile haya. Jirani aliona boksi, mtaa ukajua, na mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akihofia nitaanguka juu yake. Kwa muda nilikuwa najitetea: mimi sina kifafa. Kisha nikasikia ninavyosema, kana kwamba mwenye kifafa angestahili kunyang'anywa kitambaa. Niliacha kujitetea hivyo. Sasa nasema, natumia dawa ya neva, na anayetaka kujua zaidi ninamweleza yote, ya kifafa pamoja na ya kwangu.

6. Satini nyeupe nimeiacha

Misuli inayofanya kazi mchana na usiku hutoa joto, na joto hutoa jasho. Natoka jasho asubuhi ya kipupwe, watu wamejifunga khanga mabegani. Satini nyeupe ya bibi harusi ikidondokewa na jasho inabaki na alama isiyotoka. Niliharibu magauni mawili, nikayalipa. Sasa natandika taulo chini ya viwiko, nakunywa maji mengi, na kazi za satini nampa mwenzangu wa mtaa wa pili. Iliniuma, kwa sababu magauni ya harusi ndiyo yaliyonipa jina.

7. Huu si ule wa Celine Dion

Tangu Desemba 2022, mwimbaji Celine Dion alipotangaza kwamba ana ugonjwa wa kukakamaa mwili, na hasa baada ya kuimba Paris kwenye ufunguzi wa Olimpiki Julai 2024, watu wananitumia video zake: "Si ndio huu wako?" Nawashukuru wote. Ni ndugu, si pacha. Wake nao ni wa kinga ya mwili kukosea, lakini kasoro yake iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, na mgonjwa akilala usingizi ukakamavu kwa kawaida huachia. Hushtuliwa pia na kelele na hofu. Wangu uko kwenye ncha za neva, na haulali nami.

Nilimtazama siku ile akiimba, mkono umeshika maikrofoni. Watu wengine walisikiliza sauti. Mimi nilikuwa naangalia vidole.

8. Mwambie unayelala naye

Baba watoto ndiye aliyegundua kwamba misuli yangu hailali. Usiku mmoja, mwanzoni kabisa, aliniwekea mguu wake juu ya wangu akaamka. Akawasha taa akanitazama: nimelala fofofo, nakoroma, na shavu la mguu linatambaa peke yake. Hakuniambia. Miezi mingapi alikaa na jambo lile kifuani, akidhani ni kitu kibaya kimeniingia na akikitaja atanitia hofu! Nami upande wangu nilikuwa nikimficha mkono, nikimpa chai kwa kikombe kilichowekwa mezani ili asione ninavyoshindwa kukiachia. Watu wawili chumba kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kukaa kimya. Tulipoteza muda ambao daktari angeutumia. Yale aliyoyaona usiku ndiyo, baadaye, yaliyomsaidia sana daktari kujua aelekee wapi.

Siku hizi akiamka usiku ananisugua miguu bila kuniamsha. Asubuhi namjua kwa mafuta ya nazi kwenye shuka.

Kazini nimepanga upya. Kukata wanakata wanafunzi wangu wawili. Mimi nachora, napima, nashona mshono mnyoofu, kisha nainuka natembea hadi barazani na kurudi. Mkasi wangu wa zamani nimempa msichana mkubwa, mpole, mwenye mkono mzuri kuliko nilivyokuwa mimi umri wake. Yeye ndiye anayeshika saa. Kila asubuhi kabla hatujafungua madirisha nakunja ngumi, anasema "Haya, mama," nami naachia, yeye anahesabu kwa sauti na kuandika kwenye daftari, ukurasa wenye jina langu, kati ya mteja wa Chumbageni na mteja wa Pongwe. Jana ilikuwa tisa. Leo ilikuwa saba, akaipigia mstari mara mbili.